Afisa anakunywa chai na sisi, nimwambie kuhusu mwanangu?

SWALI: Shangazi shikamoo. Niko Mtongwe, Likoni. Kuna afisa wa polisi, mwanamke, tangu mwaka jana anakuja mtaani bila bunduki, vijana wa maskani amewanunulia mpira na jezi, Ijumaa anakaa na sisi akina mama kwa chai na mahamri anatuambia tukiona kijana amebadilika tumjulishe mapema kabla hajavuka kwenda kwa Al-Shabaab. Sasa wangu wa miaka 19 ameacha chuo, maskani haonekani, simu yake haishikiki na mtu, na juzi kamwambia dadake muziki ni haramu. Babake anasema nikienda polisi nimemuuza mtoto. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza shusha presha. Kijana kuacha muziki si ugaidi jamani, ingekuwa hivyo nusu ya masheikh wetu wangekuwa ndani. Hilo la chuo ndilo linanisumbua, na ukiona ana marafiki wapya ambao hujui kwao ni wapi, au akianza habari za paspoti au kazi ya hela nyingi sehemu haielezeki, hapo ndio uamke.

Mumeo naye usimcheke. Pwani hii tumeona mengi, Februari 2014 polisi waliingia Masjid Musa, msikiti wa Mombasa, na mabuti, wakabeba watu zaidi ya 100, halafu mtu huyohuyo mwenye buti aje na jezi, si lazima ujiulize? Umoja wa Mataifa, UNDP, walihoji watu waliojiunga wenyewe na makundi haya Afrika, ripoti ikatoka 2017, na 71% walisema kilichowasukuma mwisho kabisa ni vitendo vya serikali, ndugu au rafiki kuuawa au kukamatwa. Kwa hiyo huyo mama wa polisi, kama ni wa kweli, ana kazi ngumu kuliko wenzake wanaovunja milango usiku.

Mpime kwa jambo dogo (sio kitu kidogo, hicho ni kingine). Hapo mtaani hakukosi kijana aliyezolewa na polisi usiku kwa kukosa kitambulisho, muulize yuko wapi. Wa kweli atapiga simu mbele yako akwambie kituo gani, OB (kitabu cha matukio cha kituo) namba ngapi, kortini lini, maana katiba inasema afikishwe kortini ndani ya saa 24, ingawa kesi za ugaidi korti inaweza kuongeza siku. Akizungukazunguka, chai mnywe lakini jina la mtoto libaki tumboni.

Mimi mpwa wangu alizolewa hivyohivyo, tukazunguka vituo vitatu siku mbili na thamosi ya uji, kila mahali "hayuko hapa mama", kumbe yuko kile cha kwanza kabisa! Aliyetuokoa ni konstebo mmoja tuliyemjua tangu alipotusuluhisha ugomvi wa foleni ya maji, akafungua kitabu cha OB akatuwekea kidole juu ya jina, uji ushapoa zamani.

Akishinda huo mtihani, nenda, lakini usiende peke yako, nenda na babake na imamu mnayemwamini, na umwambie ulichoona kwa macho, sio cha jirani. Mzee wa mtaa mwacheni kwanza, wengine ukiwaambia asubuhi adhuhuri imefika feri. Ila kijana akitoweka au ukisikia safari, hakuna cha kupima mtu tena, nenda siku hiyohiyo na uondoke na namba ya OB mkononi. Wakikuzungusha kuna IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, malalamiko dhidi ya polisi ndiyo kazi yao na hawatozi kitu.

Lakini leo usiku, kabla ya hayo yote, mpikie anachopenda, mwite mjomba wake anayemheshimu, simu yake msiipekue, na mumuulize chuo kaacha kwa nini. Pengine ni karo imekwama na anaona haya kuwaambia.