Mbio za mbwa Finnmark: kazi kubwa iko vituoni

Wanaoniandikia kuhusu Finnmarksløpet, mbio za sleji (gari lisilo na magurudumu, linaloteleza juu ya theluji) zinazokokotwa na mbwa na kuanzia Alta, kaskazini kabisa mwa Norway, kila mwezi Machi, karibu wote huniuliza habari za njia: upepo, giza, milima. Njia ina ugumu wake, lakini huko mbwa wanaijua kazi yao kuliko wewe. Kinachowatoa wageni mashindanoni ni vituo vya mapumziko vya njiani. Unafika umechoka, baridi ni nyuzi 30 chini ya sifuri, na hapo ndipo zamu yako inapoanza, kwa mikono yako mwenyewe, maana kuhudumia mbwa ni jukumu la mwendesha sleji.

Mbio hizi zimekuwepo tangu 1981. Njia ndefu ni ya kilomita karibu 1,200. Kwa desturi huenda hadi Kirkenes, jirani na mpaka wa Urusi, kisha hurudi Alta. Ya kati, ambayo ndiyo niliyoshiriki, ni ya kilomita karibu 600 kwa timu ya mbwa wanane. Unavuka Finnmarksvidda, uwanda wa juu usio na mti wa kukukinga, katika nchi ya Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini, na kulungu wao wa kufugwa. Karasjok, mji ulioko huko ndani, uliwahi kufikia nyuzi -51.4 tarehe 1 Januari 1886. Machi si kali kiasi hicho, lakini usiongozwe na kipimajoto peke yake. Hewa ya -25 yenye upepo wa kilomita 30 kwa saa huuma ngozi kama -39 ya hewa iliyotulia. Na hata pasipo upepo, sleji ikienda kasi inauzalisha yenyewe usoni pako.

Kwa hiyo jifunze utaratibu mmoja wa kituoni, uleule kila mara, hadi mikono iufanye hata kichwa kikiwa kimelala. Kwanza kanyagia nanga ya theluji, kulabu ya chuma inayoizuia sleji, mpaka izame kabisa. Mbwa wanane wenye hamu ya kukimbia wakiondoka bila wewe, huwakamati kwa miguu, nao wanaweza kujisonga kwenye kamba. Halafu fungua kamba za kukokotea ili wasivute, wavue soksi za miguuni, watandikie nyasi kavu. Wakishalala, washa jiko.

Jiko linahitaji maelezo zaidi, kwa sababu hapo ndipo dakika nyingi hupotea. Linatumia spiriti, na spiriti ikiwa baridi sana haitoi mvuke wa kutosha, na kiberiti kitazimika juu yake kana kwamba umemimina maji. Weka kipande cha karatasi ya chooni ndani ya spiriti kiwe utambi, uwashe hicho. Chini ya sufuria acha maji kidogo kabla ya kujaza theluji, la sivyo theluji ya chini itaungua na maji yatanuka moshi, na mbwa aliyechoka atayakataa. Theluji ndoo nzima hutoa maji kidogo mno, hivyo utaongeza tena na tena. Maji hayo ya moto unayamimina juu ya nyama iliyoganda uliyoikatakata mapema, iwe supu. Mbwa wa mbio ndefu huweza kutumia karibu kalori 10,000 kwa siku, lakini shida inayokuja upesi kuliko njaa ni kukaukiwa maji. Supu ndiyo njia ya kumnywesha asiyetaka kunywa.

Wakati supu inapoa, pita kwa kila mmoja. Tanua vidole vya mguu, toa barafu, tazama mipasuko, paka mafuta. Bonyeza kifundo cha mkono wa mbele uone kama anaukwepesha. Andika ulichokiona kwenye daftari la afya, kwa sababu daktari wa mifugo atalisoma, na madaktari hao ni rafiki zako. Mbwa anayechechemea aachwe kituoni. Huruhusiwi kuweka mwingine badala yake, na najua inavyouma, lakini sikubaliani kamwe na anayesema "twende naye mpaka kituo kinachofuata."

Kazi ya soksi haifanyiki na glavu nene. Mbwa wanane ni soksi 32. Vaa glavu nyembamba za sufu, na juu yake glavu pana zisizotenga vidole, zilizofungwa kwa kamba inayopita shingoni, ili ukizivua zining'inie kifuani badala ya kupeperuka. Vishe mbwa wawili, rudisha mikono ndani hadi vidole vihisi, endelea. Usiguse chuma kwa ngozi tupu. Soksi isibane, maana damu isipopita, mguu wa mbwa huganda kama wako.

Hofu ya watu wa kwetu ni baridi, ilhali ninayoiogopa zaidi ni jasho. Ukisukuma sleji mlimani, fungua koti kabla hujatoka jasho, si baada. Nguo za pamba ziache nyumbani, hata chupi isiwe ya pamba; pamba ikilowa haikaushwi na kitu chochote njiani. Betri za akiba za taa ya kichwani zikae kifuani, karibu na mwili. Wenzako wa miguu minne hali yao ni tofauti: wengi wao hukimbia kwa raha kwenye -15, na siku ya jua kali ndiyo inayowaelemea. Hata hivyo, upepo ukichachamaa, wavishe majoho, hasa wenye manyoya mafupi.

Waislamu huniuliza kuhusu mate ya mbwa na sala. Hukumu muulize sheikh wako kabla ya kujiandikisha. Kwa upande wa vitendo, mimi hubeba nguo safi katika mfuko usiopitisha maji, na mfuko huo haukai pamoja na nyama wala vifaa vya mbwa.

Na anayesema mtu wa nchi ya joto hawezi, amtazame Newton Marshall wa Jamaika, aliyemaliza Iditarod, mbio ndefu za sleji za mbwa kule Alaska, mwaka 2010.

Usianze kwa kununua mbwa. Nenda kajitolee kwa mfugaji wakati wa vuli, kabla theluji haijaanguka, mbwa wanapofanyishwa mazoezi kwa kukokota gari dogo la magurudumu manne. Utazoa mavi, utakata nyama, utajua nani hapatani na nani. Ikifika Januari, omba uvishe timu nzima peke yako, nje, usiku. Ukimaliza soksi zote na vidole vyako bado vinahisi, mwombe akuachie mbwa wanne kwa safari fupi ya kulala nje, naye akiwa nyuma yako na timu yake.