Maji kwenye dizeli: usitie spiriti

Maji yakiingia kwenye tangi la dizeli, je, utie spiriti ili kuyaondoa? Hapana, usiitie. Inachanganyika na maji na kuyapeleka mbele hadi kwenye pampu na nozeli, na hailainishi kitu. Pia inafanya mvuke wa tangi ushike moto kwa urahisi. Injini za sasa za common rail (bomba moja la presha kubwa linalolisha nozeli zote) zinasukuma mafuta kwa presha ya zaidi ya bar 1,600 na dizeli ndiyo inayolainisha pampu, kwa hiyo maji kidogo tu yanakula vyuma. Fuso la zamani lenye pampu ya kawaida linavumilia kiasi, ila nalo usilijaribu.

Taa ya onyo la maji kwenye dizeli ikiwaka na gari linakohoa, zima, usipige stata tena. Maji ni mazito kuliko dizeli (lita ya dizeli ni kama gramu 830), yanakaa chini. Acha lori litulie, usiku mzima ikiwezekana, fungua nati ya chini ya tangi, kinga kwenye chupa inayoonyesha ndani. Endelea kumwaga mpaka usione tena mstari wa maji chini ya chupa. Kisha mwaga maji ya sepereta (kifaa kinachotenga maji na dizeli), badilisha filta zote, toa hewa kwenye njia ya mafuta kwa pampu ya mkono, ndipo uwashe. Hivi ndivyo tunavyofanya gereji.

Ukikuta ute mweusi kwenye filta, hao ni vijidudu wanaoishi mpakani mwa maji na dizeli. Hapo tangi lishushwe lioshwe, la sivyo filta mpya itaziba tena.