Unajenga nyumba? Panga njia ya maji moto kabla ukuta haujapigwa plasta

Mtu akiniuliza anunue sola gani ya kupasha maji, mimi humuuliza kwanza nyumba imefika wapi. Kama bado iko kwenye karatasi, tunaongea kwa raha. Kama vigae vya bafu vimeshabandikwa, mazungumzo yanabadilika, kwa sababu shida hapo si sola tena. Shida ni nyumba.

Naishi Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako Julai mtu huamka akaiona pumzi yake mwenyewe. Tulijenga hapa, kisha nikasimamia ujenzi wa kaka yangu kule Kitengela, na tangu hapo jamaa na majirani huniletea ramani zao nizitazame. Mimi si mhandisi. Ila nimekaa na mafundi wa mabomba muda mrefu, nimepanda juu ya paa pamoja nao, na nimeona kosa lilelile likirudiwa nyumba baada ya nyumba.

Nianze na sheria, maana ndiyo inayowatisha wengi. Mwaka 2012 Kenya ilitunga kanuni za kupasha maji kwa nguvu za jua. Zilitaka jengo lililo ndani ya eneo la mamlaka ya mji, ambalo mahitaji yake ya maji moto yanazidi lita 100 kwa siku, liwe na mtambo wa jua unaotosheleza angalau asilimia 60 ya mahitaji hayo kwa mwaka. Hesabu ya nyumba za kuishi ilikuwa lita 30 kwa kila mtu, kwa hiyo familia ya watu 4 tayari imo. Majengo yaliyokuwepo yakapewa miaka 5 ya kujirekebisha, na kampuni ya stima ikaambiwa isiunganishe jengo lisilotimiza. Hatukuwa wa kwanza duniani. Israel ililazimisha nyumba mpya kuwa na sola za maji tangu 1980, na Barcelona iliweka kiwango hichohicho cha asilimia 60 mwaka 2000.

Kilichofuata kwetu wengi wanakijua. Wenye nyumba walilalamikia gharama, utekelezaji ukalegea, na watu wakazoea kusema "hiyo sheria ilikufa". Halafu ikaja Kanuni ya Kitaifa ya Ujenzi ya 2024, iliyoanza kutumika Machi 2025 na kuziondoa sheria ndogo za ujenzi za mwaka 1968. Kwa hiyo kabla msanifu wako hajapeleka ramani kaunti, mwambie akuonyeshe kanuni za nishati zinazotumika sasa na mahali zilipozingatiwa kwenye mchoro. Hilo ni jukumu lake na unamlipa kwa ajili hiyo.

Lakini ushauri wangu hautegemei kama afisa atakuja kukagua au la. Chukua shawa ya umeme ya kawaida, ile inayofungwa juu ya kichwa. Nyingi zinakula karibu kilowati 5.5. Mtu akioga dakika 10, amekula uniti 0.9 hivi. Nyumba ya watu 5 wanaooga mara moja kwa siku inafika uniti 135 kwa mwezi kwa kuoga tu, kabla hujawasha taa wala friji. Ukiweka tozo na kodi, uniti moja inapita shilingi 25, kwa hiyo ni zaidi ya shilingi 3,300 kila mwezi. Na kuna jambo ambalo wengi hawalitazami: anayetumia chini ya uniti 100 kwa mwezi ana bei nafuu kuliko anayezidi. Shawa peke yake inakuvusha mstari huo, na ukishavuka, hata taa zako zinalipiwa bei ya juu. Jua la Kenya linaleta kati ya kilowati-saa 4 na 6 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Inaniuma kuona paa zima la mabati likichomwa na jua hilo mchana kutwa, halafu jioni watoto wanaogeshwa kwa tokeni.

Sasa nyumba yenyewe. Bafu nyingi za kwetu hujengwa na bomba moja tu ukutani, la maji baridi, kwa sababu shawa ya umeme hupasha maji hapohapo yanapotokea. Fundi amezoea hivyo, msanifu amezoea hivyo, na mwenye nyumba hajui kama kuna kinachokosekana. Sola haifanyi kazi hivyo. Maji yanapashwa juu ya paa na lazima yashuke kwa njia yake, bomba la pili, hadi kila bafu na sinki la jikoni. Bomba hilo lisipowekwa wakati wa kujenga, kuliweka baadaye ni kuvunja.

Jirani yangu mmoja alihamia kwenye nyumba iliyokwisha kila kitu, nyumba nzuri ya mawe, ndipo akanunua sola. Nilikuwepo siku fundi alipoanza. Alipita na grainda kuanzia darini hadi usawa wa kiuno, mifereji miwili kwenye kila bafu, na vumbi la kijivu likaingia mpaka kwenye kabati za nguo. Bomba la PPR, lile la plastiki ngumu la kijani, likalazwa, likachomewa kwenye viungo kwa ile mashine yao ya moto, ukuta ukazibwa kwa saruji. Kisha ikaja shughuli ya vigae. Rangi ile haikuwa tena dukani, si Limuru wala Nairobi, na hadi leo ukuta mmoja wa bafu yake una ukanda wa rangi nyingine uliosimama wima kama kovu. Alilipa mafundi wa vigae na rangi pesa ambazo zingetosha kumwongezea ukubwa wa tangi.

Kwa hiyo, hata kama mwaka huu huna pesa ya sola kabisa, weka bomba la maji moto. Lipande hadi darini, lizibwe kwa kofia, likae. Gharama yake wakati kuta ziko wazi ni ndogo mno. Siku utakayopata pesa ya sola, fundi atafungua kofia na kuunganisha, na hakuna atakayegusa kigae.

Aina ya bomba nayo ina maana. PPR huandikwa ubavuni kiwango cha presha linachostahimili, kwa herufi PN na namba. Maji moto yapewe PN20 au PN25, na PN10 ibaki kwenye maji baridi. Nyumba ikikaa wiki bila mtu, maji kwenye mtambo wa jua yanaweza kukaribia kuchemka, na hapo PPR hulegea. Ndiyo maana fundi mzuri hutumia shaba au chuma kwenye kipande cha kwanza kinachotoka kwenye tangi, kisha akaingia PPR. Kipande chochote kilicho nje kivikwe ule mpira mweusi wa povu, nao ukingwe na jua, la sivyo utapukutika.

Urefu wa njia usiupuuze. Bomba la milimita 25 lenye urefu wa mita 15 hubeba zaidi ya lita 3 za maji. Maji hayo yakishapoa ndani ya bomba, kila anayefungua mfereji huyamwaga kwanza akisubiri ya moto. Mahali ambapo maji ya kaunti huja kwa zamu, huo ni uharibifu usiovumilika. Dawa yake iko kwenye ramani: bafu na jikoni ziwe mgongo kwa mgongo, na tangi la sola likae juu yake, si upande wa pili wa nyumba kwa sababu tu paa la huko linaonekana vizuri kutoka barabarani.

Kisha paa. Sola za kawaida hazina pampu. Maji yakipata moto kwenye paneli hupanda yenyewe hadi kwenye tangi lililo juu yake, na ya baridi yakashuka. Ila maji yanayoingia kwenye mtambo huo lazima yatoke juu zaidi, kwa hiyo tangi lako la maji baridi linatakiwa liwe limeinuka kuliko tangi la sola. Nimeona nyumba za ghorofa zenye tangi jeusi lililokaa kwenye mnara wa chini kuliko paa, na mwenye nyumba hakuelewa kwa nini sola haijai. Mtambo wa lita 300 una kilo 300 za maji peke yake, mbali na chuma na kioo. Mwambie fundi wa kenchi mapema, aimarishe mbao mahali hapo na kuupitisha uzito kwenye ukuta unaobeba paa.

Kuhusu uelekeo, watu husema tuko kwenye ikweta kwa hiyo haijalishi. Inajalisha kidogo, na inajalisha wakati ule unaohitaji maji moto zaidi. Nairobi iko kusini kidogo mwa ikweta, na mwezi wa Juni jua la mchana liko upande wa kaskazini. Paneli inayotazama kaskazini, ikiinuka nyuzi 10 hadi 15, hulipokea jua hilo hafifu la msimu wa baridi vizuri kuliko ile iliyogeuzwa kusini. Mwinamo huo pia husaidia maji kupanda na mvua kuosha vumbi kwenye kioo. Basi paa likiwa bado linachorwa, omba mteremko mmoja uelekee kaskazini, na usiwe chini ya kivuli cha mikaratusi ya jirani.

Limuru tuna maji laini, na paneli bapa inatufaa bila matatizo. Kitengela ilikuwa habari nyingine. Jua wanalo la kutosha, lakini maji ya kisima yana chumvi na madini mengi. Kabla ya kumnunulia kaka yangu chochote, tulikwenda kwa mpangaji wa nyumba ya tatu kutoka pale tukamwomba fundi wake afungue elementi ya tangi lake, kile chuma cha stima kinachopasha maji. Ilitoka imevaa gamba jeupe nene, huwezi kuona chuma. Fundi akaligonga kwa bisibisi likadondoka vipandevipande kama ganda la yai. Gamba kama hilo hukaa pia ndani ya mabomba membamba ya paneli, na hapo hakuna bisibisi inayofika. Kwenye maji ya namna hiyo chukua mtambo wenye mzunguko wa pili, ambamo paneli inapitisha kimiminika chake yenyewe na kupasha maji ya kuoga kupitia ukuta wa tangi. Ni ghali zaidi, lakini ndio unaodumu. Maji ya kisima chako yapimwe kwanza, ndipo uende dukani.

Jambo la watoto nalisema kwa mkazo. Maji kwenye tangi yanafaa yafike nyuzi 60 ili bakteria wa lejonela, wanaoleta ugonjwa wa mapafu, wasipate makao, lakini maji ya nyuzi 60 humuunguza mtu mzima kwa sekunde chache, na mtoto kwa muda mfupi zaidi. Mchana wa Februari yanapita hapo. Weka vali ya kuchanganya maji moto na baridi kwenye bomba linaloshuka, ipunguze joto hadi kama nyuzi 45 kabla maji hayajafika bafuni. Fundi akikuambia si lazima, mwambie unaitaka.

Msimu wa Juni hadi Agosti, mawingu ya Limuru yanaweza kukaa siku kadhaa bila kufunguka. Hapo ndipo elementi ya stima ndani ya tangi inapohitajika, na hiyo asilimia 40 iliyobaki kwenye kanuni ndiyo maana yake. Iwe na waya wake, swichi yake na saa ya kuiwasha jioni, baada ya jua kufanya lililoweza. Ikiachwa imewashwa kutwa, inapasha maji ambayo jua lingeyapasha bure.

Na kwa kuwa nimetaja baridi: usiingize jiko la makaa chumbani ukafunga madirisha, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu, na kila msimu wa baridi inaua watu waliolala. Kama unajenga sehemu za juu, zuia upepo kwenye milango, weka dari yenye kizuia-joto chini ya mabati, na vyumba vya kulala vipate jua la alasiri.

Wanaojenga nyumba za kupangisha wana kazi zaidi. Niliwahi kupanga kwenye ghorofa yenye mitambo mizuri juu ya paa. Waliokaa ghorofa ya juu walioga maji moto. Sisi wa chini tulijaza ndoo nzima ya baridi kwanza, na wengi wetu tukarudi kwenye shawa ya stima. Jengo la namna hiyo linahitaji bomba la kurudisha maji juu na pampu ndogo ya kuyazungusha, au kila nyumba iwe na tangi lake. Vyote viwili vinadai nafasi kwenye shimo la mabomba, na nafasi hiyo hupatikana kwenye ramani tu.

Mwisho, mabomba yakishalazwa na kabla ya plasta, mwambie fundi ajaze mfumo maji, apige presha kwa pampu ya mkono, na auache usiku kucha. Asubuhi soma geji mwenyewe. Ikiwa haijashuka, piga picha kila ukuta huku futi kamba ikiwa imenyooshwa kutoka kona hadi kwenye bomba, na uzihifadhi pamoja na ramani. Atakayekuja kutoboa ukuta ili atundike kabati la jikoni ataziomba.