Wajibu au uwajibikaji? Na mto je?

Msomaji anaandika ripoti ya kampuni inayovuta maji kwenye mto unaotumiwa na vijiji kadhaa. Kaandika "kampuni imetoa msaada wa kisima kama uwajibikaji wake kwa jamii", mhariri kafuta uwajibikaji kaweka wajibu. Anauliza nani yuko sahihi, alafu huo mto auite rasilimali au maliasili.

Mi naona wote wawili wamelipita neno lenye shida, "msaada". Msaada ni hiari, ukinipa nashukuru, usiponipa sikudai. Wajibu unakupasa upende usipende, sasa msaada ambao hapohapo ni wajibu ni kitu gani? Na kama kampuni ndo iliyochafua mto basi hicho kisima kinaitwa fidia, tusizungushe.

Haya, wajibu ni lile jambo lenyewe unalopaswa kufanya. Uwajibikaji umetoka kwenye kuwajibika, una maana ya kukubali kuulizwa na kubeba matokeo, ndo maana kiongozi akiboronga watu wanasema awajibike na hapo hawamaanishi akachimbe kisima. Hata mwongozo wa ISO 26000 wa mwaka 2010, wa shirika la kimataifa la viwango kuhusu dhima kwa jamii (ni mwongozo tu, hautolewi cheti), unazungumzia dhima ya taasisi kwa athari za maamuzi na shughuli zake kwa jamii na mazingira, yaani athari kwanza, zawadi baadaye. Kwa hiyo kama ripoti inasema maji kiasi gani yanavutwa na nini kinarudishwa mtoni, uwajibikaji ni sawa kabisa, ila kama ni kisima na picha za kukata utepe andika "mchango" yaishe.

Mto ni maliasili, neno moja, usilitenganishe. Rasilimali asili yake Kiarabu, "kichwa cha mali", yaani mtaji, ndo maana kuna rasilimali watu na hakuna maliasili watu.

Ila mi ningeongeza "ya pamoja", manake mwanaikolojia Garrett Hardin mwaka 1968 alisema malisho yaliyo wazi kwa wote lazima yaharibike, kila mfugaji anaongeza mnyama wake, alafu Elinor Ostrom, aliyepata Nobeli ya uchumi 2009, akaonyesha watumiaji wengi tu wanaotunza vya pamoja kwa kanuni walizojiwekea wenyewe. Kiswahili kinatenganisha vizuri hali hizo mbili: mali ya pamoja ina wenyewe, isiyo na mwenyewe ni habari nyingine.

Ningekuwa mimi ningeandika: "Kampuni inavuta maji ya mto inaoutumia pamoja na vijiji, na imevichimbia kisima kufidia maji iliyochukua." Kama kweli ndo ilivyokuwa.