Viroboto wamerudi tena: kosa liko wapi?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina mbwa mmoja na paka wawili, na paka jike ana watoto wa wiki nne. Mbwa na paka dume niliwatia dawa ya matone shingoni, viroboto wakatulia siku kumi hivi, kisha wakarudi wengi kuliko mwanzo. Sasa wanatuuma hata sisi vifundoni. Jirani anasema dawa za dukani ni maji tu, niwaogeshe wote kwa dawa ya ng'ombe. Nifanyeje? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. La kwanza, dawa ya kuogeshea ng'ombe isimguse paka, hata uipunguze makali namna gani. Nyingi zina sumu ya wadudu iitwayo amitrazi, au saipamethrini, ambayo ni ndugu ya permethrini, sumu iliyomo kwenye baadhi ya matone ya mbwa. Ini la paka haliwezi kuivunja permethrini kama la mbwa; sumu hubaki mwilini na kushambulia mishipa ya fahamu. Masikio huanza kuchezacheza, mate humtoka, huyumba, kisha degedege. Ndiyo maana hata matone yaliyoandikwa ya mbwa hayagawanywi kwa paka. Aliyekwisha kupakwa na bado hana degedege, mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mkaushe, mkimbize kwa daktari wa mifugo. Mwenye degedege usipoteze muda kumwosha.

Sasa, kwa nini wamerudi. Kiroboto jike hutaga hadi mayai 40 au 50 kwa siku, na mayai hayo hayanati kwenye manyoya: paka akijinyoosha juu ya kochi, yanadondoka kama chumvi. Buu hukimbia mwanga, hujificha kwenye ufa wa sakafu au chini ya mkeka, na kula kinyesi cha viroboto wakubwa, ambacho ni damu iliyokauka. (Mchane paka juu ya karatasi nyeupe iliyolowa, punje nyeusi zikiacha doa jekundu, ndicho hicho.) Kisha hujisokotea kifuko kinachonasa mchanga, ambamo dawa ya kupulizia haipenyi, na huweza kungoja humo miezi hadi lihisi joto au mtikisiko wa nyayo. Wanaowauma vifundoni ni hao wapya wa sakafuni. Si lazima dawa yako iwe maji.

Tibu wanyama wote siku moja, rudia kila wiki nne kwa miezi mitatu mfululizo. Matone ya paka yenye fipronili yanamfaa aliyevuka wiki nane na kilo moja. Sungura asiyaguse kabisa. Tenga manyoya nyuma ya shingo mpaka uone ngozi, umimine hapo. Usimwogeshe siku mbili kabla wala mbili baada: dawa husambaa kwa mafuta ya ngozi, na sabuni huyaondoa. Wengi huharibu dawa nzuri hapo.

Nyumbani, sogeza makochi na vitanda kila siku, fagia hadi konani, na taka zitoke nje saa ileile. Matandiko yao yafue kwa maji ya moto kila wiki. Mikeka ianike juani. Buu likikauka hufa.

Watoto wa wiki nne usiwapake dawa bila daktari. Wachane kila siku kwa chanuo la chawa, ukilichovya kwenye bakuli la maji ya sabuni ili viroboto wazame. Inua mdomo utazame ufizi: ukiwa mweupe, damu imepungua, wapeleke siku hiyohiyo. Ukiwa huko, ulizia dawa ya mama anayenyonyesha.

SWALI: Mtoto wa mbwa wangu hulala karibu na banda la kuku. Ana vidoa vyeusi vilivyong'ang'ania ukingoni mwa masikio, havirukiruki. Ni kupe? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Watazame kuku wako kwenye upanga na kuzunguka macho. Ukiona vidoa hivyohivyo vimesongamana, ni viroboto wa kuku. Jike huzamisha mdomo kwenye ngozi na kubaki papo hapo. Vipake vidoa vyote vya masikioni mwa mbwa vaselini nzito, viroboto wakose hewa, kesho yake watoe mmojammoja kwa kibano. Usiwakwangue kwa kisu, kidonda kitaoza. Mtoto wa mbwa alale mbali na banda, na takataka za banda zizolewe zote na kuchomwa, pamoja na vumbi la pembeni mwa kuta.