"Hayo ni maji ya gari, yenu yako wapi?" Siku nne Chalbi na Turkana bila ratiba

Hatukupanga kwenda Chalbi, jangwa la kaskazini mwa Kenya. Tulikuwa Isiolo kwa posa ya binamu wa mume wangu, sherehe ikaisha Jumamosi jioni, na mimi nilikuwa na wiki nzima ya likizo mbele yangu. Jumapili asubuhi, tukinywa chai, shemeji akauliza kama kuna yeyote kati yetu aliyewahi kuona Ziwa Turkana. Hakuna. Kufikia saa tatu tulikuwa barabarani, tukielekea kaskazini badala ya kurudi Nairobi.

Hema tulikuwa nalo, kwa sababu nyumba ya wenyeji ilijaa wageni na sisi tulilala uani. Tulikuwa pia na meko ya gesi, sufuria mbili, mkeka, mitungi miwili ya maji ya lita 20, na lesso nilizotuzwa na akina mama. Gari ni la kuvuta magurudumu yote manne, la zamani lakini zima. Nayataja haya yote kwa sababu watu wengi hunisimulia kwamba nao wangependa kuondoka hivyo hivyo, siku moja, bila kupanga. Naunga mkono kabisa. Ila kuna mambo machache ambayo nusura yatuharibie safari, na ningependa uyajue ukiwa bado mjini.

Kutoka Isiolo hadi Marsabit ni kama kilomita 260, na ni lami safi. Wazee wa huko wanakumbuka enzi za vumbi na mawe, magari yakienda kwa msafara na askari wenye bunduki. Leo unapita Archer's Post, Merille, Laisamis, na kabla ya jua kuwa kali sana umepanda mlima wa Marsabit, kwenye msitu na ukungu na baridi ya kuvaa sweta. Lami hiyo ndiyo inayodanganya. Inakufikisha ukingoni mwa jangwa upesi, mwili na akili vikiwa bado vya Nairobi.

Aliyetuokoa ni mama mmoja mwenye duka Marsabit. Tulikuwa tunanunua unga, vitunguu na majani chai, akauliza tunaenda wapi. Tukamwambia Kalacha, halafu North Horr, halafu Loiyangalani.

"Maji mmebeba?"

"Ndiyo mama, lita 40."

"Hayo ni maji ya gari. Yenu yako wapi?"

Tukaongeza mitungi mitatu. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: lita 5 za kunywa kwa kila mtu kwa siku, zidisha kwa siku ulizopanga, kisha ongeza siku mbili ambazo hukupanga. Maji ya kupika, ya kunawa na ya rejeta yahesabiwe kando. Mafuta nayo jaza hapo hapo Marsabit, na ubebe ya akiba. Gari letu lililokuwa likienda kilomita 10 kwa lita kwenye lami lilishuka hadi 6 tulipoingia mchangani.

Jambo la pili tulilofanya Marsabit, na hili tulilifanya vizuri, ni kupita kituo cha polisi kuuliza hali ya njia. Si kwa kuogopa. Maeneo haya huwa na siku zake za utulivu na siku zake za wizi wa mifugo, na anayejua leo ni siku gani ni mtu wa hapo, si makala uliyosoma mwaka jana. Kisha nikampigia dada yangu: ikifika Jumatano usiku hujanisikia, piga kituo cha polisi cha North Horr. Simu inashika kwenye vijiji. Katikati ya vijiji haishiki, na katikati ni parefu.

Sasa nije kwenye matope.

Chalbi lilikuwa ziwa zamani sana. Maji yakakauka, ikabaki sakafu tambarare ya chumvi na udongo, nyeupe hadi macho yanauma. Mchana unaona mazigazi kila upande: maji yanayometa, miti inayoning'inia hewani, ngamia wasio na miguu. Njia ya malori kutoka Maikona ilikuwa ikizunguka pembeni. Ramani ya simu ilionyesha mstari ulionyooka. Juu ukoko ulikuwa mkavu, umepasuka vipande vipande kama chungu kilichoanguka, na shemeji, aliyekuwa akiendesha, akasema tukate moja kwa moja. Nami nilikubali, sitamwachia lawama peke yake.

Mvua za vuli zilikuwa zimepita wiki chache tu. Chini ya ukoko ule, unene wa kidole, kulikuwa na tope la rangi ya kijivu, laini kama uji. Usukani ukawa mwepesi ghafla, gari likapunguza mwendo lenyewe, kisha likakaa. Tulipofungua milango, ekseli ilikuwa imegusa chini. Ilikuwa saa saba mchana, siku ya pili ya safari.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kukanyaga mafuta. Kila gurudumu lilipozunguka lilijichimbia shimo. Ukihisi gari linazama, ondoa mguu, zima, shuka utazame. La pili, tuliweka jeki juu ya tope, nayo ikazama badala ya kuinua gari. Beba kipande cha ubao kinene cha kuweka chini ya jeki. Sisi hatukuwa nacho, tukalaza tairi la akiba na kuweka jeki juu yake, ikashika. Tukapunguza upepo wa matairi kutoka psi 35 hadi 18, tukachimba kwa sufuria na kwa mikono kwa sababu beleshi pia hatukuwa nalo, na mbele ya magurudumu tukatandika mkeka, zulia za gari, na mwisho lesso zangu. Ya juu kabisa ilikuwa imeandikwa WEMA HAUOZI. Niliitandika mwenyewe.

Wakati huo wote jua lilikuwa juu yetu, bila mti hata mmoja wa kujificha. Nililowesha lesso moja nikaifunga shingoni, na nashauri kila mtu afanye hivyo. Tulikuwa watu watatu, na katika saa nne tulikunywa lita 11. Nilizipima jioni kwenye mtungi. Bila yule mama wa dukani tungekuwa tunatazamana.

Waliokuja ni mzee na kijana wake, Wagabra, wafugaji wa huko, na ngamia wao. Tuliwaona kwa muda mrefu kabla ya kuamini kwamba ni watu. Tuliamkiana, mume wangu akawapa maji kabla ya kuomba chochote, na nadhani hilo lilikuwa sahihi: jangwani maji hayasubiri kuombwa. Mzee alizunguka gari mara moja akitazama chini, akatuonyesha kwamba tulikuwa tunasukuma mbele kwenye tope zaidi. "Rudi ulikotoka, hapo umeshajua ni pagumu." Tukahamisha mkeka nyuma. Watano tukasukuma, gari likatoka saa kumi na moja kasoro. Kisha akaonyesha kwa fimbo ile njia iliyozunguka. "Dereva wa lori hapotezi mafuta yake bure. Akizunguka, zunguka." Walitupa maziwa ya ngamia kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, na ladha ile ya moshi ninayo mdomoni hadi leo.

Kwa hiyo kama utachukua jambo moja hapa, chukua hili: safari isiyo na ratiba inahitaji maswali mengi kuliko iliyopangwa. Uliza kila kijiji kuhusu kijiji kinachofuata, na si zaidi ya hapo. Muulize dereva anayetoka unakoenda.

Tulifika Kalacha gizani, jambo nisilolipendekeza. Kwetu jua likishazama giza haliji polepole. Tangu siku ile tuliweka sheria kwamba saa kumi kamili tunatafuta pa kulala, hata kama mtu anaona bado kuna mwanga. Usipige hema peke yako porini. Omba nafasi kwenye boma la mtu, shule au misheni, na ulipe kitu. Wala usipige ndani ya laga, yaani mto mkavu, hata kama mchanga wake ni laini na una kivuli. Mvua ikinyesha milimani, mbali ambako hata wingu hulioni, maji huja na laga usiku kama lori lisilo na taa. Kuni ni chache, tumia gesi. Viatu vikung'ute asubuhi. Nge hupenda kujificha ndani ya kiatu.

Loiyangalani ni upepo. Huvuma kando ya ziwa usiku kucha, na si bure kwamba mitambo 365 ya umeme wa upepo imesimamishwa katika nchi ile ile. Vigingi havikutosha, tukafunga kamba kwenye mawe makubwa na mlango wa hema tukauelekeza upande usio na upepo. Asubuhi ziwa lilikuwa la kijani, na hakuna aliyezungumza kwa muda.

Tulirudi kwa njia ya South Horr na Baragoi. Maralal tulisimama kuosha gari, na ukipita Chalbi usiahirishe hilo, chumvi hula chuma. Kijana wa kuoshea aliingia chini na bomba. Maji ya kwanza yalitoka meupe kama maziwa, yakifuatwa na kipande cha lesso yangu kilichokuwa kimejisokota kwenye ekseli.