Baka la utosini na kinundu cha puani

Dada wa Tukuyu, hongera kwa mtoto. Umeuliza kama baka la utosini alilozaliwa nalo ni mapunye, na ukataja pia kinundu cha juu ya pua yake. Mapunye mtoto hazaliwi nayo, acha kumpaka dawa. Baka la njano, laini, lisiloota nywele tangu kuzaliwa linafanana sana na nevasi sebasia: tezi za mafuta ya ngozi zilizozidi. Kwa kawaida halina madhara, ila akibalehe linaweza kunenepa na kukwaruza kama chunjua.

Kinachonitia wasiwasi ni kile kinundu cha juu ya pua. Uvimbe wa kuzaliwa nao katikati ya uso unaweza kuwa na njia hadi kwenye ubongo. Nakusihi, asikitumbue mtu, wala kukikata, kabla ya kipimo cha CT au MRI, yaani picha za ndani ya kichwa! Mwahishe Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, uombe kumwona daktari wa ngozi.